Bakteria wa Dukani na Tumbo Lisilotulia

Msikilizaji, tumbo linasokota, linajaa gesi, leo unaharisha, kesho choo kigumu, na vipimo havionyeshi kitu. Dukani unauziwa vidonge vya bakteria rafiki. Je, vinafaa?

Mwaka 2021 wataalamu wa Uingereza walisema mgonjwa mwenye tumbo la namna hii anaweza kuvijaribu hadi wiki 12. Asipopata nafuu, aache. Mwaka huohuo, wenzao wa Marekani walishauri visitumike, ushahidi ni hafifu. Naelemea upande wa Waingereza, ila bei ya vidonge, mh!

Sasa, mkazi wa Ramisi, pwani ya Kenya, kabla ya kununua apimwe kwanza, hata hospitali ya Msambweni: amiba na minyoo wana dawa zao. Maziwa lala nayo? Yanaweza kuwa na bakteria hai, lakini si lazima wawe wale waliofanyiwa utafiti.

Swali ni hili: nani atamweleza mnunuzi ni bakteria gani hasa walio ndani ya kichupa?