Tuteur si mwenye lupango



Batoto waliosoma Zambia wananiuliza: kwa Kiingereza "tutor" ni mwalimu, sasa namna gani hapa Luena tuteur ni mutu wa kulinda yatima? Neno ni moja tu. Linatoka kwa Kilatini, tueri, ni kusema kuangalia, kulinda. Kwa Waroma, tutor alichunga mali ya mutoto aliyefiwa na baba. Ulezi ukiisha alitoa hesabu, na akikula mali, mutoto aliweza kumushitaki. Sheria yetu ya jamaa ya 1987 nayo inajua tuteur.

Mimi niliporudi, lupango ya marehemu baba ilikuwa imeuzwa na yule aliyetulinda. Hesabu? Hapana.

Basi ninyi munaolea yatima, andikeni mu kaye kila kitu walichoachiwa, hata mbuzi. Mukutano ujao tutazisoma.