Kiazi Kimoja, Sufuria Mbili

Bismillahi Rahmani Rahim. 

Ndugu yangu msomaji, nianze kwa kujisema mwenyewe kabla sijakusema wewe. Ramadhani iliyopita nilifunga siku zote, alhamdulillah, na asubuhi ya Idi kifungo cha kanzu kikakataa kufika shingoni. Mtu ashinda na njaa mwezi mzima halafu anenepe! Usinicheke, maana kuanzia Diani hadi Msambweni tuko wengi.

Sababu iko kwenye sinia. Tazama futari yetu: kaimati zilizorowa shira, sambusa, bajia, mihogo ya tui zito, na jagi la juisi tamu pembeni. Gramu 1 ya mafuta ina kalori 9, ya sukari au wanga ina 4, na maji hayana hata moja. Kijiko kikubwa cha mafuta kina kama kalori 120, na tumbo halioni kitu. Tumbo lataka kujaa tu, basi.

Mwaka 1995 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sydney, Australia, walijaribu vyakula 38, kila kimoja kwa kiasi chenye kalori sawa, wakawauliza walaji wameshiba vipi. Kilichoshinda vyote ni kiazi cha kuchemsha, kilichoshibisha zaidi ya mara tatu kuliko mkate mweupe. Kiazi hicho hicho sisi twakivisha unga, twakitia kwenye mafuta, kinakuwa viazi karai. Na nani aliyewahi kula kimoja akaondoka?

Wallahi si urembo ninaoutafuta. Baba yangu ana kisukari, na kila nikimsindikiza kliniki nawaona vijana wa rika langu kwenye foleni ile ile. Unene wa tumbo ni njia mojawapo ya kufika pale. (Na aliye mgonjwa tayari amuone daktari kabla ya kufunga, si baada ya kuanguka.)

Basi mwaka huu nyumbani tunafungua kwa tende na maji, tunaswali Magharibi, ndipo tunakaa kula. Tumbo huchukua kama dakika 20 kuufahamisha ubongo kwamba limeshiba, na sala inaingia hapo hapo. Kisha supu nyepesi ya samaki, halafu pojo au kunde, mchicha mwingi, na viazi vya kuchemsha kwa ndimu na pilipili. Tui tunatia lile jepesi. Badala ya juisi, tikiti maji. Mtume (s.a.w.) alishatugawia tumbo mafungu matatu: chakula, kinywaji na pumzi, mimi lile la pumzi nilikuwa nalijaza bajia.

Mama alinung'unika siku mbili za mwanzo, ati futari bila kaimati ni futari gani. Tukasikizana: anazipika Ijumaa, kila mtu tatu kwenye kisahani chake. Mdogo wangu bado huja kuniuliza kama zangu nitazimaliza.