Dakika za Kwanza Uwanjani: Matayarisho ya Klabu za Michezo Juu ya Kusimama Ghafla kwa Moyo



Nimepewa dhima ya kusema juu ya jambo ambalo aghalabu hatulizungumzi mpaka limekwisha kututia msiba, nalo ni moyo wa mchezaji kusimama ghafla uwanjani. Na kwa kuwa wengi wenu si matabibu, bali ni watu wa filimbi, jezi na daftari la usajili, nitasema kwa lugha ya uwanja, kwani madhumuni yangu ni kuwaonyesha kwamba dakika za kwanza za ajali hii hazimo mikononi mwa hospitali hata kidogo, bali zimo mikononi mwenu.

Miaka mingi iliyopita, katika uwanja wa kata ambao sitautaja jina, nilikuwa nimekaa benchi la wachezaji wa akiba, jua la alasiri likiwa bado kali, mara kijana mmoja wa pembeni, aliyekuwa akikimbia peke yake bila mpira wala mpinzani karibu naye, alilegea magoti akaanguka kifudifudi. Mwamuzi alidhani anapoteza muda, akamwashiria ainuke. Tulipomfikia alikuwa akikoroma kwa vipindi, macho yake wazi, mkono mmoja ukitetemeka. Mmoja wetu alisema ni kifafa. Mwingine akasema amemeza ulimi, kikatafutwa kijiko. Ndoo ya maji ikamiminwa kichwani, na mashati yakavuliwa ili apepewe. Pikapu ya mtu aliyekuja kutazama mchezo ilipatikana hima, lakini lango la upande wa barabara lilikuwa limefungwa kwa kufuli, na mwenye ufunguo hakuwapo, ikabidi tumpitishe juu ya ukuta kama mzigo. Tangu alipoanguka mpaka alipofika kwa tabibu, hapana mkono hata mmoja uliowekwa juu ya kifua chake. Alizikwa kesho yake baada ya adhuhuri, na mimi nilikuwa mmoja wa wale waliokuwa wakimpepea.

Nimelieleza hilo kwa urefu kwa sababu kila tulilolitenda siku ile lilitoka katika huruma, na kila tulilolitenda halikumfaa. Moyo unaposimama ghafla, mara nyingi haunyamazi mara moja, bali umeme wake huvurugika, misuli yake ikatetemeka ovyo badala ya kusukuma damu, na ubongo ukabaki bila hewa. Jambo hili ni mbali na shambulio la moyo, ambalo ni kuzibwa kwa mshipa unaoulisha moyo wenyewe, ingawa hilo la pili laweza kuleta la kwanza. Kule kukoroma tulikodhani ni pumzi si pumzi ya kumtosha mtu, na kule kutetemeka si kifafa. Ni alama za ubongo uliokosa damu. Ulimi nao haumezwi. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ambayo ningependa kila mwamuzi aihifadhi ni hii: mchezaji aliyeanguka bila kuguswa na mtu, asiyeitika akiitwa, na asiyehema kama ilivyo desturi, achukuliwe kuwa moyo wake umesimama mpaka idhihirike vinginevyo, na mchezo usimame papo hapo. Vivyo hivyo kwa aliyepigwa kifuani na mpira mgumu au goti kisha akaanguka, kwani pigo likiangukia katika lahadha fulani ya mapigo ya moyo laweza kuuvuruga hata moyo mzima usio na ila.

Hesabu ya wakati hapa ni kali. Kila dakika inayopita bila kukandamizwa kifua wala kushtuliwa moyo hupunguza matumaini ya kuokoka kwa kadiri ya asilimia 7 hadi 10, na katika miji yetu hakuna gari la wagonjwa litakalofika kabla matumaini hayo hayajakaribia kwisha. Juni 26, 2003, mjini Lyon, Marc-Vivien Foé wa Kameruni, mwenye umri wa miaka 28, alianguka katika duara la kati akicheza na Kolombia, hapana aliyemgusa, na hakurudi tena katika uhai. Uchunguzi ulionyesha kwamba misuli ya moyo wake ilikuwa imenenepa kupita kadiri, ugonjwa ambao mtu huzaliwa na asili yake na akakaa nao miaka bila kuujua. Machi 17, 2012, mjini London, Fabrice Muamba, mzaliwa wa Kinshasa, alianguka katika mechi ya Bolton na Tottenham. Akakandamizwa kifua pale pale juu ya majani, akashtuliwa moyo mara nyingi, na tabibu wa moyo aliyekuwa miongoni mwa watazamaji akashuka kusaidia. Moyo wake ulikaa dakika 78 bila kupiga kama ipasavyo, naye yu hai. Christian Eriksen wa Denmark alipoanguka Copenhagen katika mashindano ya Ulaya, Juni 12, 2021, mwamuzi aliwaita matabibu katika sekunde chache, nahodha wake Simon Kjær akamshughulikia hima, wenziwe wakamzunguka kumsitiri, na mshtuo mmoja wa mashine ukamrudisha. Miaka mitatu baadaye, Juni 2024, akiwa na kifaa kidogo kilichopandikizwa kifuani kumlinda, aliifungia Denmark bao katika mashindano yale yale ya Ulaya.

Lakini msidhani kwamba utajiri peke yake ndio uliowaokoa hao wawili. Aprili 14, 2012, siku 28 tu baada ya Muamba, Piermario Morosini alianguka uwanjani Pescara, Italia, nchi iliyotangulia wengi kwa sheria ya kuwapima wanamichezo. Gari la wagonjwa likazuiwa na gari la polisi wa mji lililoegeshwa langoni, hata ikabidi livunjwe kioo ili lisogezwe, na mashine za kushtua moyo zilizokuwapo hazikutumika. Nilipoisoma habari ile nilikumbuka lile kufuli letu. Vifaa vilikuwapo, matabibu walikuwapo. Kilichokosekana ni tadbiri ya kabla.

Sasa nije kwenye mikono. Mgonjwa alazwe chali mahali pagumu, mwokozi apige magoti ubavuni, aweke kisigino cha kiganja kimoja katikati ya kifua, kiganja cha pili juu yake, anyooshe viwiko, na akandamize chini kwa kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, akikiacha kifua kiinuke chote kabla ya kukandamiza tena. Aliyefunzwa kupuliza pumzi apulize mara 2 kila baada ya mikandamizo 30. Asiyefunzwa akandamize tu, bila kukoma. Ni kazi nzito kuliko inavyoonekana, na baada ya dakika 2 hata kijana mwenye misuli hulegea bila yeye mwenyewe kujua, kwa hiyo wapokezane. Hofu ya kuvunja mbavu nimeisikia mara nyingi, ubavu hupona.

Mashine ya kushtua moyo, ikipatikana, si kitu cha kuogopwa. Huwashwa, nayo husema kwa sauti la kufanya; lakini mashine nyingi husema Kiingereza, na hapo ndipo mazoezi yanapohitajika, ili maneno yake yasiwe mageni siku ya msiba. Kifua cha mchezaji hulowa jasho, na kibandiko cha mashine hakishiki juu ya jasho. Basi taulo kavu ikae ndani ya mkoba pamoja na mkasi wa kukatia jezi. Kibandiko kimoja huwekwa chini ya mtulinga wa kulia, cha pili ubavuni kushoto chini ya kwapa. Mashine yenyewe huupima moyo, na haitoi mshtuo pasipohitajika. Bei yake ni kubwa kwa klabu moja, lakini klabu nne zinazotumia uwanja mmoja zaweza kuchangia, mradi isifungiwe kabatini kwa katibu kwa kuwa ni mali ya thamani, na betri na vibandiko vitazamwe kila mwezi, maana vyote vina tarehe ya kwisha.

Niseme kidogo juu ya wasiosemwa. Tukitaja ajali hii tunawaza vijana, ilhali hatari huongezeka kwa wakubwa, na kwa waliopita miaka 35 sababu kuu ni maradhi ya mishipa ya moyo. Nao ndio wanaojaa katika mabonanza ya maveterani siku za Jumapili, mtu amekaa ofisini wiki nzima, anacheza kama alivyokuwa miaka ishirini nyuma, na hapana hata mkoba wa huduma ya kwanza. Aliyewahi kuzimia akikimbia, au kubanwa na kifua mazoezini, au aliyefiwa na ndugu kijana kwa kifo cha ghafla, asiruhusiwe kurudi uwanjani kabla hajaonwa na tabibu. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete ipo Dar es Salaam, na hospitali za mikoa zaweza kumwelekeza.

Klabu yangu ilianza kwa jambo dogo. Kabla ya kila mechi hutajwa majina manne kwa sauti, mbele ya timu zote mbili na mwamuzi: wa kukandamiza, wa kumpokea, wa kupiga simu 112 na kuandaa gari, na wa lango. Tulipojaribu kwa mara ya kwanza, tukimtumia mlinda mlango wetu alale kama mgonjwa na gunia la pumba kandoye likandamizwe badala ya kifua chake, watu watatu walikimbilia ndoo ya maji, na mwenye simu hakuweza kueleza uwanja uko mtaa gani. Tukarudia wiki iliyofuata, na iliyofuata tena. Siku hizi jina la mtaa na alama ya kuelekeza dereva vimeandikwa kwa rangi nyuma ya benchi la akiba, na ufunguo wa pili wa lango umetundikwa msumarini kwenye meza ya mtunza muda, umefungwa utepe mwekundu, na mechi haianzi mpaka mwamuzi ameuona kwa macho yake.