RAFIKI YETU KATIKA BUNGE LA WAINGEREZA

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa tawi)



Nimetakiwa niseme habari za Fenner Brockway, aliyekuwa mjumbe wa Bunge la Uingereza. Najua wako kati yenu wanaonong'ona: chama cha Waafrika kina haja gani ya kukaa jioni nzima kumsema Mwingereza? Uhuru tuliupigania wenyewe, na waliokufa msituni na vizuizini walikuwa watu wetu. Hayo ni kweli, wala sikuja kuyapinga. Ninalotaka ni kwamba tuipime kazi ya mtu huyu kwa mizani iliyo sawa, tusimpunje wala tusimzidishie.

Alizaliwa Calcutta, India, tarehe 1 Novemba 1888, wazazi wake wakiwa wamisionari. Alipokuwa kijana aliandika katika magazeti. Akaenda kuzungumza na Keir Hardie, mkubwa wa chama cha wafanyakazi, apate habari za gazeti. Akatoka huko amekuwa msoshalisti. Vita vya 1914 vilipotokea, yeye na Clifford Allen walianzisha chama cha vijana waliokataa kulazimishwa kwenda kuua. Serikali ikapitisha sheria ya kuwatia watu jeshini kwa nguvu mwaka 1916. Brockway akakataa. Akafungwa, akaachiliwa, akafungwa tena, na hakuwa huru kabisa mpaka mwaka 1919.

Katika magereza ya Uingereza siku hizo, mfungwa alikatazwa kusema na mwenziwe. Kunyamaza mchana na usiku, ndiyo sheria. Katika gereza la Walton, mjini Liverpool, Brockway na wenzake walitoa gazeti lao la siri, nalo liliandikwa juu ya karatasi za chooni, likapita kwa mkono mpaka mkono. (Sisi wenye kulalamika kwamba karatasi za kuchapia ni ghali, tutie maanani.) Baadaye walichoka kunong'ona, wakaivunja ile sheria hadharani, naye akatengwa peke yake kwa miezi mingi. Kwa hiyo miaka mingi baadaye, aliposimama Bungeni kuuliza habari za wafungwa wa Kenya, hakuwa akisema jambo la kusimuliwa. Mwaka 1922 yeye na Stephen Hobhouse walitoa kitabu kikubwa juu ya magereza ya nchi yao.

Aliingia Bungeni mwaka 1929 kwa jimbo la East Leyton. Serikali ilikuwa ya chama chake mwenyewe, chini ya Ramsay MacDonald, na hapa ndipo palipojulikana mtu huyu ni wa namna gani. Mwaka 1930 Gandhi na Nehru walikuwa gerezani, na maelfu ya Wahindi pamoja nao. Mwezi wa Julai Brockway alidai Bunge lijadili mambo ya India kabla ya kufunga mkutano wake. Spika akamwambia aketi. Akakataa kuketi, akafukuzwa kikaoni. Mwenzake mmoja, John Beckett, kwa hasira akainyakua siwa ya Bunge, akaanza kutoka nayo! Wapo wajumbe wengi wanaopiga kelele dhidi ya serikali ya wapinzani wao. Anayesimama mbele ya serikali ya chama chake ni nadra, pale London na kwingineko.

Mwaka 1931 akashindwa katika uchaguzi, na alikaa nje ya Bunge karibu miaka ishirini. Alirudi mwaka 1950, kwa jimbo la Eton na Slough. Eton pana shule ya watoto wa mabwana wakubwa. Slough ni mji wa viwanda. Mwaka ule ule alifika Kenya, akaonana na Jomo Kenyatta.

Tarehe 20 Oktoba 1952 Gavana Sir Evelyn Baring alitangaza Hali ya Hatari, na Kenyatta na wenziwe wakakamatwa. Siku chache baadaye Brockway akashuka Nairobi pamoja na Leslie Hale, mjumbe mwenzake, kwa mwaliko wa KAU. Walowezi walichukia mno. Naye, ndugu zangu, hakuja kusifu viapo wala mauaji. Aliyalaumu waziwazi, na wako waliomlaumu yeye kwa hilo. Mimi simlaumu. Mtu aliyefungwa kwa kukataa kuua Wajerumani angesema nini kingine? Lakini aliwaambia Waingereza jambo ambalo hawakutaka kulisikia: kwamba chanzo ni ardhi iliyochukuliwa, na ubaguzi wa rangi, na kwamba bunduki haitatibu maradhi hayo.

Sasa nieleze kazi ya maswali, maana hii ndiyo iliyomfanya aitwe Mjumbe wa Afrika. Mjumbe huandika swali lake na kulipeleka mapema. Siku zile, siku ilipofika, Waziri wa Makoloni hakuwa na budi kusimama na kujibu, na maneno yake yalichapwa katika kitabu cha Bunge. Waziri hakujua kilichotokea kijijini. Basi alimpelekea Gavana simu ya maandishi, Gavana alimwuliza D.C., na D.C. aliyedhani hakuna amwonaye alijikuta akiandika maelezo ya kusomwa London. Brockway aliuliza maswali ya namna hiyo mwaka baada ya mwaka. Mwaka 1954 akawa mwenyekiti wa Movement for Colonial Freedom, chama kilichowakusanya wajumbe na vyama vya wafanyakazi kutetea nchi zilizotawaliwa.

Je, maswali yalifaa? Tazameni Hola. Tarehe 3 Machi 1959 wafungwa 11 waliuawa kwa kupigwa. Taarifa ya kwanza ya serikali ilisema wamekufa baada ya kunywa maji! Uchunguzi ukaonyesha majeraha, na wajumbe wa upinzani, Barbara Castle akiwa mbele, hawakuliachia jambo lile lizikwe; Bunge likalijadili mpaka usiku wa manane mwezi wa Julai. Walakini hakuna waziri aliyejiuzulu. Huo ndio mpaka wa swali la Bungeni: huuondoa uongo mezani, haumwondoi mkoloni. Kumwondoa kulikuwa kazi yetu.

Kwao nyumbani Brockway alikuwa na kazi nyingine. Tangu 1956 alileta Bungeni mswada wa kukataza ubaguzi wa rangi Uingereza kwenyewe, katika nyumba za kupanga, mahoteli na mengineyo. Aliuleta mara tisa. Mara tisa haukupita. Mwaka 1962 alipinga sheria ya kuwazuia watu wa Jumuiya ya Madola wasiingie Uingereza, hali Slough ilikuwa imejaa wageni waliokuja kufanya kazi viwandani, na wenyeji wengi walinung'unika. Katika uchaguzi wa Oktoba 1964 chama cha Labour kilishinda nchini, yeye akaanguka kwa kura 11. Hesabuni wanaume wa mstari huu wa mbele: ni kama hao tu.

Alipewa ulodi, akaupokea, ingawa alitaka baraza lile la malodi livunjwe. Wengine walimcheka. Nami naona lilikuwa jambo la kuchekesha, ila aliketi mle kusema yale yale aliyoyasema upande wa pili. Mwaka 1965 serikali ikapitisha sheria ya kwanza ya Uingereza dhidi ya ubaguzi wa rangi, nyepesi kuliko alivyotaka. Sanamu yake ilisimamishwa Red Lion Square, London, mwaka 1985, mwenyewe yu hai. Alikufa tarehe 28 Aprili 1988, imebaki miezi sita atimize miaka 100.

Bwana Mwenyekiti, nakaa. Walio na maswali na waulize.