Sista Aliyeuliza Majengo: Kufikiri kwa Kina katika Mafunzo ya Uuguzi

Mhadhara wa umma kwa wanafunzi wa uuguzi, walimu wao na wakazi wa Gikomba

Kutoka soko la Gikomba hadi Majengo si mwendo mrefu. Mfanyabiashara wa mitumba akimaliza kufungua marobota yake alfajiri anaweza kufika huko, akanywa chai na kurudi kabla wateja hawajajaa. Eneo hili ni la Pumwani, mtaa ambao serikali ya kikoloni iliwatengea Waafrika wa mjini mwanzoni mwa miaka ya 1920. Hospitali ya uzazi ya hapa ilianzishwa mwaka 1926, na ina chuo chake cha wauguzi na wakunga. Wanafunzi wanaopita sokoni wakiwa na sare zao huenda wasijue kwamba katika vichochoro hivi mmoja wa wauguzi wakubwa wa Kenya alifanya kazi iliyosomwa duniani kote.

Jina lake ni Elizabeth Ngugi, aliyekuja kuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Katika miaka ya 1980 watafiti wa chuo hicho, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Manitoba nchini Kanada, walikuwa wakichunguza magonjwa ya zinaa jijini. Wanawake wa Majengo waliouza ngono, wengi wao wakiwa wametoka Kagera nchini Tanzania, walitibiwa kisonono na vidonda vya sehemu za siri, wakapona, kisha wakarudi kliniki na ugonjwa uleule. Damu ilipopimwa mwaka 1985, takriban theluthi mbili ya wanawake wa tabaka la chini waliopimwa walikutwa na virusi vya UKIMWI. Hapakuwa na dawa. AZT, ya kwanza kabisa, iliidhinishwa Marekani mwaka 1987.

Maelezo mepesi yalikuwa tayari mdomoni mwa kila mtu: wanawake hawa hawajui, au wanajua na hawajali. Muuguzi akiyakubali, kazi yake inakuwa kuhubiri au kukaripia. Ngugi aliitisha mabaraza. Aliketi na wanawake wenyewe, akawasikiliza, nao wakachagua viongozi miongoni mwao. Mazungumzo ya aina hiyo huweka wazi jambo ambalo darubini ya maabara haiwezi kulionyesha. Mwanamke mmoja akimwambia mteja avae kondomu, mteja anahamia mlango wa pili, na kodi ya nyumba inabaki palepale. Kwa hiyo kumfundisha mmoja mmoja hakutoshi. Wakikubaliana wote, mteja hana mlango wa kuhamia.

Matokeo yalichapishwa mwaka 1988 katika jarida la Lancet, na jina la kwanza kati ya waandishi lilikuwa la muuguzi huyo. Kabla ya mpango, si zaidi ya mwanamke mmoja katika kila kumi alisema anatumia kondomu hata mara chache. Baadaye walikuwa zaidi ya nusu katika kila kundi la wanawake waliofuatiliwa. Miongoni mwa wanawake 28 ambao hawakuzitumia kabisa, 20 waliambukizwa. Miongoni mwa 50 waliozitumia angalau mara chache, 23 waliambukizwa.

Takwimu hizi zinastahili kusomwa taratibu, kwa sababu ndizo kipimo kizuri cha mwanafunzi. Asomaye kwa kukariri ataandika kwamba kondomu huzuia virusi, kisha afunge daftari. Mwenye kufikiri atashtuka: 23 kati ya 50 ni karibu nusu, je, kinga hiyo inafaa kitu? Atarudi nyuma aone kwamba aliyeitumia mara mojamoja alihesabiwa pamoja na aliyeitumia kila mara, na kwamba hata katika kundi lililofanya vyema zaidi wastani wa matumizi haukufika nusu ya makutano. Atauliza pia kama waliotumia kondomu walitofautiana na wenzao kwa jambo jingine, kwa mfano idadi ya wateja. Mwishowe atakubali kwamba kinga inafanya kazi, ila sasa anajua ameukubali ushahidi gani na mipaka yake ni ipi.

Majengo ikaleta fumbo jingine. Kulikuwa na wanawake waliokutana na virusi mwaka baada ya mwaka bila kuambukizwa. Mtu mvivu wa mawazo angesema ni bahati, au vipimo vimekosea. Watafiti, Frank Plummer akiwa mmoja wao, walipima tena na tena, na mwaka 1996 wakachapisha kwamba ukinzani huo ni wa kweli. Miaka mitano baadaye likaonekana jambo lililopindua matarajio zaidi: baadhi ya wanawake hao waliambukizwa hatimaye, na walioambukizwa walielekea kuwa wale waliokuwa wamepunguza kazi ya kuuza ngono au kuiacha kwa muda. Hakuna ambaye angelikisia akiwa amekaa ofisini.

Wodini mambo huja kwa kasi nyingine. Patografu, ile chati ya kufuatilia uchungu wa uzazi, ilipata mstari wake wa tahadhari na mstari wa hatua kutoka kwa Philpott na Castle mwaka 1972, huko Rhodesia, ambayo leo ni Zimbabwe. Waliichora ili mkunga wa kituo cha mbali ajue mapema ni mama yupi apelekwe hospitali kubwa. Maana yake yote imo katika wakati. Patografu iliyojazwa baada ya mtoto kuzaliwa, ili faili lionekane kamili, haikumsaidia mama hata chembe. Hata kanuni ya mlango wa kizazi kufunguka sentimita moja kila saa ilikuja kutiliwa shaka: mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilisema haifai kutumiwa kwa kila mama, na mwaka 2020 likatoa mwongozo mpya. Aliyefundishwa kuchora nukta tu atababaika. Aliyefundishwa sababu ya mstari kuwapo atauelewa mwongozo mpya kwa siku moja.

Sasa chukua mfano wa msukuma mkokoteni wa Gikomba mwenye presha. Kadi yake imeandikwa kwamba hafuati maagizo. Mwanafunzi akivuta kiti na kuuliza siku yake huanza vipi, anaweza kusikia kwamba vidonge vinamkojoza, choo cha sokoni ni cha kulipia, na akiuacha mkokoteni mzigo unachukuliwa na mwingine. Huyu si mkaidi. Amepiga hesabu, na hesabu yake ina mantiki. Mwanafunzi hana ruhusa ya kubadilisha dawa, lakini anaweza kumpelekea daktari taarifa ambayo haikuwa kwenye kadi, na daktari akaangalia saa ya kumeza au aina ya kidonge.

Kikwazo kikubwa cha kuuliza hivyo, tuseme wazi, ni woga. Mwanafunzi ameona namba haikai sawa, lakini sista wa wodi amechoka, wagonjwa ni wengi, na mwenzake aliyeuliza jana aliambiwa anajifanya daktari. Lipo neno la heshima linalotosha: "Sista, samahani. Asubuhi mama huyu alikuwa 120 kwa 80, sasa ni 150 kwa 100 na analalamika kichwa. Naomba tumpime pamoja." Hapo hakuna utovu wa adabu, ni presha ya mjamzito iliyoonekana mapema. Mwalimu anayemnyamazisha anayesema hivyo anafundisha kitu cha hatari, hata kama wanafunzi wake watafaulu vizuri mtihani wa Baraza la Wauguzi.

Profesa Christine Tanner wa Marekani, katika kielelezo chake cha mwaka 2006, alieleza kwamba uamuzi wa muuguzi huanza kwa kugundua, ukafuatiwa na kufasiri, kutenda na kutafakari. Vitabu vya mazoezi ya wanafunzi vina nafasi ya kutosha ya kutenda: sindano ngapi, vidonda vingapi, kina mama wangapi, na sahihi ya msimamizi kando. Viongezewe ukurasa mmoja kwa kila wodi. Hapo mwanafunzi ataandika alivyodhani kwanza kuhusu mgonjwa mmoja, alichokiona au kuambiwa kikambadilisha mawazo, na alimwarifu nani. Msimamizi ausome, aulize swali moja kwa maandishi, na asitie sahihi kabla swali hilo halijajibiwa.