Bei ya Programu za Kompyuta: Dukani na kwa Mwenye Mali
(Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi)



Chama cha msingi kinaponunua mizani, kila mwanachama huiona. Husimama mbele yake msimu wa mavuno, na kama ilinunuliwa kwa bei ya kulanguliwa, hakukosi mtu wa kuuliza katika mkutano mkuu. Programu ya kompyuta haina desturi hiyo. Haishikiki wala haipimwi. Huingia katika mashine kimya kimya, na kinachobaki mezani pa katibu ni stakabadhi, mara nyingine hata hiyo haipo. Kwa hiyo fedha za wanachama zinaweza kupotea hapo bila kelele. Makusudi ya mazungumzo haya ni kueleza kwa nini programu ile ile huuzwa kwa bei moja dukani na bei nyingine kwa mwenyewe aliyeitengeneza, na chama kifanye nini kabla ya kutoa fedha.

Dhana ya watu wengi ni nyepesi: dukani kuna pango, kuna mshahara wa muuzaji, kuna usafirishaji; kwa mwenye mali hakuna hayo; basi kwa mwenye mali ni rahisi siku zote. Dhana hii ina ukweli nusu, na nusu iliyobaki ndiyo yenye kugharimu.

Hapo zamani programu iliuzwa ndani ya kasha. Humo mlikuwa na diski, kitabu cha maelezo na karatasi yenye namba ya leseni. Kasha lilichapwa, likasafirishwa, likakaa rafuni, na kila aliyeligusa alichukua chake. Intaneti ilipoenea na watu wakaanza kupakua programu moja kwa moja, ilitazamiwa kwamba gharama zote hizo zingeondoka katika bei. Aghalabu haikuwa hivyo. Kampuni nyingi ziliacha bei ya kupakua iwe sawa na ile iliyoandikwa kwenye kasha, kwa kuwa hazikutaka kuwaudhi wenye maduka waliokuwa bado wakiwauzia. Mwenye duka naye, akiona makasha yamelala rafuni, alipunguza bei ili yaondoke. Ndipo likatokea jambo la ajabu: kasha lililosafirishwa mbali likawa rahisi kuliko kitu kisicho na uzito wala nauli.

Sababu yake ni kwamba diski na kasha havikuwa sehemu kubwa ya bei tangu mwanzo. Nakala ya pili ya programu haimgharimu mtengenezaji kama gunia la pili linavyomgharimu mkulima. Bei hupangwa kwa kuangalia mnunuzi yuko tayari kutoa kiasi gani.

Waliolichunguza jambo hili hadharani ni Bunge la Australia. Mwezi Machi 2013 kamati ya Baraza la Wawakilishi iliziita kampuni za Apple, Microsoft na Adobe zije kueleza kwa nini Waaustralia hulipa zaidi ya Wamarekani kwa bidhaa zile zile. Wakati huo dola ya Australia na dola ya Marekani zilikuwa karibu sawa kwa thamani. Hata hivyo mkusanyiko mkubwa wa programu za Adobe, uliouzwa Marekani kwa dola 2,599, uliuzwa Australia kwa dola 4,334 za huko. Gazeti baada ya gazeti lilionyesha kwamba mtu angeweza kupanda ndege hadi Marekani, akanunua, akarudi nyumbani, na bado akabaki na chenji. Taarifa ya kamati ilitolewa Julai 2013. Kwa vitu vinavyopakuliwa, hoja ya nauli na bohari haikuwa na nguvu, maana hapakuwa na nauli wala bohari. Na kamati ikafikia kupendekeza kwamba wananchi waelimishwe njia halali za kuvipita vizuizi vinavyowafungia katika bei ya nchi yao. Kwa kamati ya Bunge, hayo ni maneno makali.

Kununua kwa mwenye mali, basi, peke yake si dawa. Lakini ipo hali ambayo tofauti ya bei ni ya wazi kabisa, na makatibu wataielewa upesi kuliko watu wengine, kwa kuwa ni habari ya makato.

Mwaka 2008 kampuni ya Apple ilifungua duka la programu ndani ya simu zake. Halina mlango wala rafu, lakini ni duka. Kila aliyeuza programu humo alikatwa asilimia 30 ya bei. Duka la Google la simu za Android, lililoanzishwa mwaka huo huo, lilifuata kiwango hicho. Mwaka 2021 kampuni zote mbili zilishusha makato hadi asilimia 15 kwa wauzaji wadogo, wale ambao mapato yao hayazidi dola milioni moja kwa mwaka, ila wakubwa waliendelea kukatwa kiwango cha juu kwa mauzo mengi.

Chukua mfano wa Spotify, kampuni ya muziki. Mwaka 2015 aliyejiandikisha kwenye tovuti yao alilipa dola 9.99 kwa mwezi. Aliyejiandikisha kwa kupitia duka la Apple alilipa dola 12.99 kwa huduma ile ile. Mwezi Julai mwaka huo kampuni iliwaandikia wateja wake kuwaambia wahamie kwenye bei nafuu. Sasa hesabu ifanywe. Asilimia 30 ya dola 12.99 ni dola 3.90. Zinazobaki ni dola 9.09. Kwa hiyo hata mteja alipotozwa dola tatu zaidi, mwenye mali alipata pungufu ya alichopata kwa mteja wa moja kwa moja. Ili apate dola 9.99 kamili ingebidi atoze dola 14.27. Asilimia 30 ikikatwa katika bei ya mwisho, ni sawa na kuongeza karibu asilimia 43 juu ya bei ya mwanzo. Katibu aliyezoea kupiga hesabu ya makato ya mkulima hahitaji kuelezwa mara mbili. Lakini ni vema aifanye hesabu hii kila anapoambiwa kwamba kamisheni ya mtu wa kati ni "asilimia 30 tu".

Mtandao wa Twitter ulifanya vivyo hivyo Desemba 2022: dola 8 kwa mwezi kwa anayelipia kwenye tovuti, dola 11 kwa anayelipia ndani ya simu ya Apple.

Kesi kubwa kuliko zote ilianzishwa na watengenezaji wa michezo ya kompyuta, Epic Games. Tarehe 13 Agosti 2020 waliweka ndani ya mchezo wao njia ya kuwalipa wenyewe moja kwa moja, na wakashusha bei: kifurushi kilichouzwa dola 9.99 kupitia duka kikawa dola 7.99. Siku hiyo hiyo mchezo ukaondolewa katika duka la Apple, na la Google pia. Mahakamani, mwezi Septemba 2021, jaji hakukubali madai mengi ya Epic, bali aliamuru kwamba Apple isiwazuie wauzaji kuwaonyesha wateja njia nyingine ya kulipa. Amri hiyo ilipoanza kutumika Januari 2024, Apple iliruhusu, ila ikadai asilimia 27 ya mauzo yatakayofanyika huko nje. Yaani dalali aliyeambiwa amwache mkulima aende mnadani peke yake, akamfuata hadi mnadani na kikapu chake. Aprili 2025 jaji alitamka kwamba amri yake ilikuwa imekiukwa, na mabishano yakaendelea katika rufaa.

Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walipounda chama chao mwaka 1925, na baadaye KNCU mwaka 1933, waliazimia kuuza kahawa yao kwa pamoja badala ya kila mmoja kukabili mnunuzi peke yake. Hoja ya wauzaji wa programu ina asili hiyo hiyo. Ila isisahauliwe kwamba mtu wa kati si mnyonyaji kila mara. Duka la simu hukagua programu, hukusanya malipo kutoka nchi nyingi, na huleta marekebisho bila mteja kuyatafuta. Hiyo ni kazi, na kazi ina ujira. Swali la chama ni kama ujira huo unalingana na kazi, na kama chama kinaihitaji kazi hiyo.

Tuseme chama kinahitaji programu ya kuandikia barua na kupangia hesabu katika majedwali. Ipo LibreOffice, inayotolewa na taasisi isiyo ya faida, The Document Foundation. Anayeipakua kwenye tovuti ya taasisi hiyo halipi kitu. Lakini tangu Septemba 2022 taasisi hiyo hiyo imeiweka katika duka la Apple la kompyuta za Mac kwa yuro 8.99, ikaeleza kwamba fedha hizo zitasaidia kazi ya kuiendeleza. Na la kustaajabisha, ile ya kulipia ilitoka pungufu kidogo: masharti ya duka hayakuruhusu sehemu inayohitajiwa na baadhi ya kazi za hazina ya takwimu. Mwenye kulipa akapata pungufu, asiyelipa akapata kamili. Hakuna aliyedanganywa, maana yote yalitangazwa. Ila asiyesoma hakujua.

Programu hii si ngeni kwa lugha ya Kiswahili. LibreOffice ilizaliwa mwaka 2010 kutokana na OpenOffice, na mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliokihusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulikuwa umeitoa OpenOffice kwa Kiswahili kwa jina la Jambo OpenOffice.

"Bure" nayo ina gharama zake. Kupakua LibreOffice kunakula zaidi ya megabaiti 300 za bando, na karani aliyezoea Excel atahitaji siku kadhaa za kuzoea. Jedwali lenye fomula ngumu lililotengenezwa katika programu moja lisihamishiwe katika nyingine kabla ya jumla zake kuhakikiwa. Lakini kuna faida ambayo vyama havijaitumia vya kutosha: leseni ya LibreOffice inaruhusu kunakili na kugawa. Chama kikuu kinaweza kuipakua mara moja, kikaitia katika flashi, na kuipeleka katika vyama vyake vyote vya msingi bila kuvunja sheria yoyote. Bando moja, vyama arobaini.

Kwa programu za Microsoft haiwezekani kufanya hivyo, na hapo ndipo uangalifu unapotakiwa zaidi. Office 2024 ilipotolewa Oktoba 2024, toleo la nyumbani liliuzwa Marekani dola 149.99, na toleo la nyumbani na biashara dola 249.99. Katibu mwenye nia njema huweza kuchagua la kwanza ili kukiokolea chama dola 100. Lakini ruhusa ya kutumia programu kwa kazi za biashara imo katika toleo la pili. Chama cha ushirika kinachouza mazao ya wanachama si nyumba ya mtu.

Kuna pia njia ya kukodi. Mwaka 2024 leseni ya biashara ya kiwango cha kati ilikuwa dola 12.50 kwa mwezi kwa mtumiaji mmoja, yaani dola 150 kwa mwaka. Kwa miezi 20 kodi hiyo hufikia bei ya kununua moja kwa moja. Kwa miaka mitano hufika dola 750. Office 2024 iliyonunuliwa itaendelea kupata marekebisho ya usalama hadi Oktoba 2029, miaka hiyo hiyo mitano. Mwenye kukodi hupata na barua pepe, hifadhi ya mafaili na ruhusa ya kuweka programu katika kompyuta zaidi ya moja. Chama chenye kompyuta moja na karani mmoja kijiulize kama kitavitumia.

Dukani mjini, kinachouzwa siku hizi kwa jina la programu hii mara nyingi ni kadi tu yenye namba. Mnunuzi hurudi nayo ofisini, akapakua kutoka kwa Microsoft vile vile. Basi bei iliyotangazwa na Microsoft yenyewe, pamoja na kodi, ndiyo iwe kipimo. Duka likizidisha sana, halijafanya kazi ya kustahili ziada hiyo. Likishusha mno, hadi sehemu ya kumi ya bei, namba hiyo huenda ilitolewa kwa shirika jingine, au imekwisha kuuzwa kwa wengi, na siku itakapofungwa muuzaji hatapatikana. Programu zilizovunjwa kufuli, zinazopitishwa mkono kwa mkono, zisiingie kabisa katika kompyuta yenye orodha ya wanachama na hesabu za msimu: nyingi hubeba virusi, na Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 inalinda programu za kompyuta kama inavyolinda vitabu. Hata ile ya bure ipakuliwe kwenye anuani halisi ya mwenyewe, isitafutwe katika matangazo.

Limebaki jambo moja, nalo limeviponza vyama. Leseni inayonunuliwa kwa kupakua hufungwa kwenye anuani ya barua pepe. Katibu akitumia anuani yake binafsi, siku atakapohama au kustaafu leseni itaondoka naye, na chama kitanunua upya. Kwa hiyo kabla ya ununuzi ifunguliwe anuani ya chama, na neno lake la siri lijulikane kwa katibu na mwenyekiti. Stakabadhi iliyoletwa kwa barua pepe ichapwe siku hiyo hiyo na kuwekwa pamoja na hati za malipo. Na katika daftari la mali yaandikwe jina la programu, toleo lake, kompyuta iliyowekwa, na tarehe ambayo leseni itakwisha.