Picha ya ultrasaundi na safari inayofuata



Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kila mjamzito apigwe picha ya ultrasaundi mara moja kabla mimba haijafikisha wiki 24. Picha huonyesha umri wa mimba, mapacha, hata kondo la nyuma lililoziba njia ya mtoto.

Je, picha peke yake huokoa maisha? Watafiti walilipima swali hilo Kenya, Kongo, Zambia, Pakistan na Guatemala. Matokeo ya mwaka 2018 yaliwashangaza wengi: vifo na matatizo makubwa ya uzazi hayakupungua, wala waliojifungulia hospitalini hawakuongezeka.

Si kwamba mashine ni bure. Lakini mama ambaye kondo limeziba njia anahitaji upasuaji, na upasuaji unahitaji daktari, damu, na gari la kumfikisha hata usiku wa manane. Hapo ndipo pesa za mashine huzaa matunda au hupotea. Kwa hiyo katika vikao vya maoni kuhusu bajeti, anayeulizia mashine aulizie pia damu na ambulensi. Na mama akiandikiwa kwenda hospitali kubwa, jamaa zake waanze kutafuta nauli siku hiyo hiyo.